Sentensi Aliyoikoleza Perpétue

Kule Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watu wengi hawakumjua Perpétue kwa jina lake. Walimwita Mama Dactylo, kwa kuwa zamani, kabla ya vita kumtoa kwao Uvira, alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya. Miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya mashine akipiga ripoti, vyeti vya ndoa, vibali vya mazishi na barua za kuombea shule mabati. Mkubwa wake, mzee Léopold, alikuwa na mazoea ya kusimama nyuma ya kiti chake na kumwambia, "Perpétue, mukubwa hasomi. Mukubwa anaangalia. Mupatie fasi moja ya kuangalia." Ndipo alipojifunza kupiga maneno machache ya katikati ya ukurasa kwa utepe mwekundu, ili jicho la mkubwa litue pale na mkono wake utie sahihi.

Hata kifo cha mumewe alikipiga chapa mwenyewe. Mume huyo, Elisée, alikuwa muuguzi. Asubuhi moja ofisi ililetewa orodha ya watu waliouawa barabarani, imeandikwa kwa kalamu ya risasi, ipigwe nakala tano. Mstari wa tisa ulikuwa jina lake. Perpétue aliupiga mstari wa tisa, akapiga wa kumi, akaenda hivyo mpaka wa kumi na nne, akaitoa karatasi kwenye mashine na kuiweka juu ya meza ya mkubwa. Baada ya hapo hakumbuki mpaka alipojikuta amelazwa kwenye benchi la nje, wanawake wakimpepea kwa faili. Mwili hakuuona. Mtu wa kumsimulia mumewe alisema nini au alianguka vipi hakumpata, na kwa miaka mingi watu walipomuuliza juu ya Elisée alikuwa na namba tu ya kuwapa.

Nakivale aliingia akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, na mfuko mmoja. Jembe lilimshinda. Alikuwa na mgongo wa kiti na vidole vya mashine, na shamba alilogawiwa aliwaachia majirani walime wampe chochote. Aliyemwokoa ni Venuste, Mkongo mwenzake mwenye kibanda cha kuchaji simu kwa umeme wa jua. Venuste alikuwa amepata kompyuta moja kuukuu, hajui kuitumia vizuri. Akamwambia, "Mama, weye ulikuwa dactylo. Ikala hapa." Perpétue akakaa. Watu walimjia awaandikie maombi na barua, wakamwachia kipande cha sabuni au kikombe cha maharage.

Mwaka wa ugonjwa wa korona, ofisi zilipofungwa na watu wakakosa pa kuuliza, Venuste alimwonyesha jukwaa moja la mtandaoni lililoitwa Uliza Tujibu. Wakimbizi wa kambi mbalimbali waliuliza pale mambo ya karatasi, ya shule, ya magonjwa, kwa Kiswahili au Kifaransa, na mawakili na waganga wa kujitolea waliwajibu kila walipopata nafasi. Msimamizi wake alijiita Kabanda, na hakuna aliyejua anaishi nchi gani. Juu ya ukurasa aliweka masharti. Usitaje jina la mtu. Usiweke picha ya karatasi ya serikali. Na la tatu: *Koleza sentensi moja tu, ile ambayo msomaji akiikosa amekosa yote.* Kukoleza kwenyewe kulikuwa rahisi. Uliweka nyota mbili mbele ya sentensi na nyota mbili nyuma yake, nayo ikatoka kwa herufi nzito, nyeusi kuliko zote zilizoizunguka.

Perpétue alilisoma sharti la tatu akacheka peke yake, kwa sababu alisikia sauti ya mzee Léopold.

Kazi hiyo alikuwa na kipawa nayo, hilo lazima lisemwe. Mjane mmoja alimjia na hadithi ya saa nzima kuhusu mtoto anayekataliwa shuleni: mwalimu mkuu, mke mwenza, sare, ndoto aliyoiota. Perpétue alimwachia aseme mpaka akaishiwa, kisha akakoleza maneno haya tu: *Cheti cha mtoto kina jina la mama mwingine, dada yangu marehemu.* Siku ya pili lilikuja jibu la mtu anayejua, na muhula uliofuata mtoto aliingia darasani. Habari zikaenea. Watu wakawa wanatoka vijiji vya mbali, wanapita waandishi wengine wawili njiani, wanakuja kwa Mama Dactylo kwa sababu ndiye anayejua pa kutia wino.

Herménégilde alikuja tarehe kumi na tisa Machi, mchana, udongo wa shambani umemkauka miguuni. Alikuwa Mrundi wa Cibitoke, mkulima, mtu wa maneno ya taratibu. Mkewe Adélaïde na binti yao Diane walikuwa wamekimbia mwaka mmoja kabla yake, na wao walikuwa na karatasi zao za ukimbizi. Yeye alifika nyuma, wakati Warundi walikuwa wameanza kuhojiwa mmoja mmoja kabla ya kupokelewa, akangoja jibu miaka minne. Sasa alikuwa ameshika barua ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama Dactylo, hii ni Kiingereza," alisema. "Mwenyekiti wa kijiji amenisomea neno moja tu. Wamekataa."

"Ulipeleka fasi ingine?"

"Nilikwenda Base Camp, kwenye maofisi, kwa wale wa sheria. Mlango una kufuli. Mlinzi akasema wafadhili wamekata tangu Januari, nisijisumbue kurudi."

Perpétue aliifungua barua. Kifaransa alikisoma kama anavyokunywa maji, lakini Kiingereza kilikuwa ukuta kwake. Aliona mhuri, akaona neno moja la herufi nzito katikati ya ukurasa, na chini yake aya ndefu za herufi za kawaida. Akaikunja akamrudishia.

"Ikala, Papa Diane. Sema yote, tangu mwanzo. Kuchagua ni kazi yangu."

Akasema. Watu wenye silaha walikuja saa kumi na moja alfajiri wakimtaka yeye na mdogo wake Aimable. Yeye alikuwa amelala shambani kulinda mihogo. Aimable alikuwa ndani.

"Mama yetu alimshika Aimable shati," alisema Herménégilde. "Wao wakamvuta, mama naye akavuta. Shati likatoka. Mama akabaki na shati mkononi."

Vidole vya Perpétue viliacha kupiga. Alitazama nje, ambako nyaya za simu za watu zilikuwa zimening'inia mbele ya kibanda. Alimwona yule mama. Alimwona vizuri kuliko alivyowahi kumwona Elisée, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa mstari wa tisa na basi.

Herménégilde aliendelea mwenyewe. Alisimulia alivyovuka, alivyoumwa malaria, alivyohojiwa na kijana aliyekuwa akitazama saa. "Barua hii nilipewa tarehe nne mwezi huu, siku napanda maharage. Ninachotaka kujua, Mama, wanaweza kunirudisha? Na kuna la kufanya au hakuna?"

Perpétue aliandika yote kwa uaminifu. Hakuongeza wala hakupunguza, ila jina la Aimable, ambalo masharti hayakuliruhusu. Tarehe aliiandika pia. Ilikaa katika aya ya tatu, kati ya maharage na mwenyekiti wa kijiji. Alipomaliza alimsomea, naye akaitikia kila sentensi kwa kichwa. Kisha akapeleka alama ya kuandikia kwenye swali lenyewe, *wanaweza kunirudisha?*, akasita. Swali kama hilo lilikuwa limejaa pale jukwaani, kila mtu aliuliza hilo. Akapanda juu, akatia nyota mbili mbele na mbili nyuma: *Mama alivuta, wao wakavuta, akabaki na shati mkononi.*

"Hiyo nyeusi ni ya nini?" aliuliza Herménégilde, ambaye hakujua kusoma sana lakini aliona tofauti.

"Njo fasi yenye batu bataangalia."

"Watamwona mama?"

"Batamwona."

"Basi sawa," alisema Herménégilde.

Na kweli watu waliangalia. Siku ya kwanza yalikuja majibu kumi na moja, siku ya tatu yalikuwa yamepita thelathini. Mwanamume mmoja aliyekuwa Ubelgiji aliandika kwamba amesoma lile la shati akiwa kazini, akaenda chooni kulia. Mwanamke wa kambi ya upande wa Kenya alisema yeye alibakiwa na kiatu. Wengine waliweka mikono ya kuombea, wengine mistari ya Zaburi. *Pole sana ndugu. Mungu anaona. Pole kwa mama.* Mwisho wa wiki ile Kabanda mwenyewe aliliinua swali, akalibandika juu kabisa ya ukurasa ambapo kila anayeingia atalikuta kwanza, akaandika chini yake: *Jifunzeni hapa. Hivi ndivyo swali linavyokolezwa.*

Perpétue alimwita Venuste aje aone. Venuste alisoma, akampigia saluti kwa utani, akamtengenezea chai. Siku ile alirudi nyumbani akijisikia kama alivyokuwa akijisikia zamani ripoti iliporudi kutoka kwa mkubwa ikiwa na sahihi.

Herménégilde alipita kila baada ya siku mbili tatu akitoka shambani. Perpétue alimsomea mapya, naye alisikiliza amesimama, kofia mkononi, kama mtu anayepokea wageni wa msiba.

"Wanasema vizuri," alisema mara moja. "Na kuhusu kurudishwa?"

"Avoka, ule wa sheria, bado hajapita. Ngoja. Swali iko juu kabisa, hawezi kuikosa."

Machi ikaisha. Pole zikafika sitini na kitu, zikaanza kupungua.

Tarehe nane Aprili, kabla ya saa sita, Perpétue alikuta jibu la mtu aliyejitambulisha kuwa ni wakili Kantengwa wa Mbarara. Lilikuwa fupi, na halikuwa na pole ndani yake. *Nimesoma mpaka chini. Unasema barua ulipata tarehe 4 Machi. Siku za kukata rufaa ni thelathini tangu siku hiyo. Je, ulikata? Kama bado, nipigie leo.* Na namba ya simu.

Perpétue alihesabu kwa vidole, akafuta, akahesabu tena kwenye kalenda ya ukutani ya Venuste. Siku thelathini zilikuwa zimeisha tarehe tatu. Jumapili, Jumatatu, alizirudia siku zile kama anayetafuta moja iliyohesabiwa mara mbili. Halafu aliisogeza skrini juu akaitafuta tarehe nne. Ilikuwepo. Aya ya tatu, herufi za kawaida, imeandikwa sawasawa bila kosa.

Miaka kumi na tisa, barua yoyote iliyopita mikononi mwake ilianza na tarehe. Hata kibali cha mazishi. Hata ile orodha.

Hakumtuma mtu. Alifunga kitenge vizuri akaenda mwenyewe kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu, akamkuta Herménégilde anapalilia. Maharage yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu. Alimweleza amesimama kwenye mpaka wa shamba, na alieleza yote, la siku thelathini, la wakili, la herufi nzito alizoziweka mahali pengine. Herménégilde aliendelea kupiga jembe mpaka mwisho wa mstari. Kisha akalisimamisha.

"Mama, si nilikutajia?"

"Ulinitajia."

"Nilisema tarehe nne."

"Ulisema, Papa Diane. Niko nayo. Niliandika."

Aligeuka akaanza mstari mwingine, na Perpétue alibaki pale mpaka Adélaïde, aliyekuwa upande wa pili wa shamba, alipomletea maji ya kunywa bila kujua ni jambo gani.

Siku ya tatu walikwenda Mbarara wawili. Kantengwa alikuwa na chumba kimoja kwenye nyumba ya ghorofa kilimani Kamukuzi, mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, Kiswahili chake cha kuokota sokoni na polisi. Aliwakalisha, akachukua ile barua ya Kiingereza, akaisoma yote, akaweka kidole kwenye aya ya mwisho.

"Hii maneno ya siku thelathini iko hapa chini," alisema. "Hakuna mtu alisomea nyinyi?"

"Hakuna," alisema Herménégilde.

Perpétue aliinama akatazama. Hata tarakimu haikuwepo. Thelathini iliandikwa kwa maneno, ndani ya aya, katika herufi ndogo sawa na nyingine zote. Neno lililokolezwa katika ukurasa mzima ni lile la kukataliwa.

"Sasa ile ya kwa mtandao, nani aliandika?"

"Ni mimi," alisema Perpétue.

Kantengwa alitoa simu yake, akalifungua lile swali, akalilaza juu ya meza kati yao. "Mimi nitaambia nyinyi ukweli. Mimi nilipita hapa tarehe ishirini na mbili. Siku zilikuwa bado. Niliona hiyo ya shati, imekuwa nyeusi sana. Niliona watu thelathini na kitu wamesema pole. Nikasema moyoni, hii ni matanga, hapa hawataki wakili. Nikapita, nikaenda kwa mwingine." Aliifunika simu. "Juzi ndiyo nilirudi. Sijui kwa nini nilirudi."

Nje watu walikuwa wakipanda kilima na mafaili chini ya kwapa, kila mmoja na ofisi yake.

Kantengwa alisema kuna njia moja iliyobaki, nyembamba. Wangeomba rufaa ipokelewe ingawa imechelewa, na watoe sababu. Perpétue aandike maelezo ya kiapo kwamba kosa la kuchelewa si la mwenye barua. Akapewa karatasi. Aliandika kwa Kifaransa, Kantengwa akatafuta mtu wa kufasiri. *Mimi, Perpétue, niliyekuwa mpiga chapa wa serikali, nathibitisha kwamba Bwana huyu alinitajia tarehe, na kwamba mimi niliiweka mahali ambapo haikuonekana.* Aliweka sahihi. Kalamu ilikuwa inavuja, ikamwachia doa kidoleni ambalo lilikaa siku kadhaa.

Kabla ya kurudi Herménégilde aliomba wavuke mto Rwizi waende Nyamitanga, aingie kanisani. Perpétue alikuwa Mprotestanti, akamngoja nje kwenye ngazi. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikaa naye pale, ngazi moja chini yake.

"Watu sitini na saba," alisema. "Nimewahesabu siku unazonisomea. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mdogo wangu anaitwa nani."

"Hakuna ruhusa ya kutia jina."

"Najua. Lakini wangeuliza."

Ombi lilikataliwa mwezi Juni, wakati watu wanaanika maharage. Kantengwa aliwapigia simu mwenyewe. Sababu iliyotolewa ni kwamba uzembe wa mwandishi aliyechaguliwa na mwombaji mwenyewe si sababu ya kutosha. Herménégilde alipewa siku tisini za kuondoka nchini. Jina lake lilifutwa kwenye orodha ya chakula siku hiyo hiyo, na wiki iliyofuata mwenyekiti wa kijiji alikuja kumwambia, kwa aibu, asionekane kwenye mikutano.

Perpétue alimwandikia Kabanda. Alimwomba aliondoe lile swali pale juu, akamweleza yaliyompata mwenye swali. Kabanda alijibu kwa adabu kwamba anasikitika sana, lakini swali limewasaidia wengi kujifunza kuandika, na linavuta wasomaji wapya. Angeongeza chini yake neno kuhusu tarehe. Hakuongeza, au aliongeza mahali ambapo Perpétue hakupaona. Tangu siku hiyo hakulifungua tena jukwaa lile kwa ajili ya mtu yeyote. Waliokuja aliwaelekeza kwa wale waandishi wengine wawili, na walipomuuliza sababu alisema macho yamemchoka.

Herménégilde hakungoja siku tisini. Mwisho wa Julai alivuka kwa upande wa Kikagati kwenda Tanzania, alisema kuna mashamba ya migomba wanakotafuta watu. Alikwenda kumuaga Perpétue kibandani. Hakukaa. Alimwambia, "Adélaïde hajui kuandika. Akikujia, msaidie." Perpétue alitaka kumwomba msamaha tena, na alikuwa ameshaanza, lakini yeye alimgusa bega kama mtu anayemzuia mwenzake asisimame, akaondoka.

Huko alifanya kazi wiki tano. Kisha walikamatwa, yeye na wengine wasio na karatasi, wakapakiwa kwenye lori wakashushwa ng'ambo ya mpaka wa Burundi. Hayo Adélaïde aliyapata kwa simu, kutoka kwake mwenyewe. Alisema amefika kwa mama yake, mama amezeeka, mihogo ipo. Alipiga mara tatu katika siku kumi na moja. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani. Mwezi ulipokaribia kwisha alipita mchuuzi wa dagaa aliyetokea kule, akaleta neno la mama: Herménégilde aliitwa aende kueleza alikuwa wapi miaka yote. Alivaa koti akaenda. Hakurudi, na mama alipokwenda kuuliza aliambiwa hakuna mtu kama huyo aliyefika.

Adélaïde alikuja Misiera siku ya pili yake, na Diane, ambaye sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha wateja akasema, "Mama Dactylo, nataka unisomee yale uliyomwandikia mume wangu. Yote. Mimi sijawahi kuyasikia."

Perpétue alilifungua jukwaa. Swali lilikuwa bado pale juu. Alilisoma taratibu, mwanzo mpaka mwisho, hakuruka tarehe. Adélaïde alisikiliza akitazama sakafu.

"Ile nyeusi ni ipi?"

Perpétue alimwonyesha. Adélaïde aliweka kidole kwenye kioo, chini ya maneno, akakiburuta mpaka mwisho wa sentensi kama Diane alivyokuwa akifanya alipoanza shule.

"Hilo shati lilikuwa la kijani," alisema. "Mama alilifua akampa mtoto wa jirani. Lilikuwa bado zima, limekatika vifungo tu." Akakiondoa kidole kwenye kioo. "Watu wote wale walisema pole, hata mmoja hakumwambia afanye nini."

"Mmoja alimwambia."

"Tarehe nane."

"Tarehe nane," alisema Perpétue.

Akamwomba Perpétue amwandikie swali la kumtafuta mumewe. Perpétue alimwambia hafanyi tena kazi hiyo. Adélaïde hakuinuka. Diane alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye anajua herufi, angeweza kuandika kama ataonyeshwa pa kubonyeza. Basi Perpétue akavuta kiti, akaandika. Alitaja siku aliyoondoka, siku aliyoshushwa kwenye lori, siku ya simu ya mwisho, koti la kahawia. Hakutia nyota popote. Alimwomba Kantengwa kwa simu alisome, naye Kantengwa alilisoma siku ile ile, akalipeleka kwa watu wanaotafuta waliopotea, wakaandika kwamba wamelipokea. Mpaka leo limepata majibu manne. Matatu ni ya watu wanaotafuta wao pia.

Mvua za Oktoba zilipokuja, mwenyekiti alitangaza kwamba mashamba yasiyolimwa yatagawiwa wengine. Adélaïde alikuwa na homa. Perpétue aliacha kibanda siku tatu akaenda kumlimia, mwanamke wa miaka hamsini na tisa ambaye hakuwa ameshika jembe sawasawa tangu aingie Nakivale. Alilima na Diane. Kufikia saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na mstari aliolima ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi.

Adélaïde alitoka nyumbani amejifunika kitenge, akaja akasimama kwenye mpaka akimtazama.

"Unashika juu sana," alisema. "Shusha mkono wa kushoto."

Perpétue akaushusha. Adélaïde alikaa chini kwenye majani yaliyong'olewa, akavuta kapu la mbegu karibu, akaanza kuchambua maharage yaliyotobolewa na wadudu.